Kabla Maziwa Hayajawa Siagi

Sehemu ya Tisa

Muema alijivuta kutoka chini ya gari, mgongo wake juu ya katoni lililolowa oili, akanyoosha mkono. Alikuwa ameshika kipande cha springi ya nyuma, kirefu kama kiganja.

"Elphas," alisema, "hii gari imekuwa ikikubeba kwa huruma tu."

Hapo ndipo tulipomwacha Elphas Ouko wiki iliyopita, amesimama kwenye kibanda cha fundi huko Kitengela, akitazama chuma kilichokatika.

Huenda leo umelikuta gazeti hili kwa kinyozi na huwajui watu hawa. Elphas ni karani wa ofisi ya maji mjini Kajiado. Nyumba yake iko Kitengela. Kwa miaka kumi na moja ameendesha gari lile jeupe lenye buti refu kwenda kazini na kurudi, na katika miaka hiyo gari limezeeka na yeye amechoka.

Alhamisi, saa tatu asubuhi, mama mkwe wake anatakiwa Kajiado mbele ya kikao cha ardhi. Jina lake ni Kakenya. Anatakiwa aseme kwa kinywa chake kwamba hakubali ardhi aliyoachiwa na marehemu mumewe iuzwe. Anayetaka kuiuza ni shemeji yake, Oscar. Asipofika, kikao hakitamngoja, na Oscar atauza mpaka mahali boma liliposimama.

Shida ni nyonga. Kakenya alianguka, akavunjika, akatiwa chuma. Wiki sita zimepita. Daktari amekubali asafiri kwa gari, lakini asirushwerushwe, maana chuma kikisogea atarudishwa kupasuliwa upya. Na boma lake liko kilomita kumi na nane kutoka kwenye lami, katika njia yenye mikunjo kama bati.

Basi ilikuwa Jumanne, saa tisa alasiri.

Elphas aliuliza kama gari lingeweza kwenda hivyo hivyo polepole. Muema alisimama, akaegemeza kiganja kwenye kona ya mbele ya gari, juu ya shoki inayozuia mtikisiko, akaisukuma chini na kuiachia. Gari lilipanda, likashuka, likapanda, likashuka, likapanda tena.

"Shoki nzima inapanda mara moja na kutulia," alisema. "Hii yako inacheza kama mbuzi wa asubuhi."

Elphas alijua. Naipanoi, mkewe, alikuwa amemwambia tangu mwezi wa nne. Siku ile walitoka bomani na kibuyu cha maziwa alichowapa mama. Walipofika Kitengela, Naipanoi alifungua kibuyu na kukuta siagi inaelea. Gari lilikuwa limeyasuka maziwa njia nzima, kama mwanamke aliyeketi mlangoni kwake akitikisa kibuyu makusudi. Majirani walicheka wiki nzima. Habari ilimfikia Kakenya, naye hakucheka. Alisema gari linalotoa siagi hataliingia na chuma mwilini. Siku wakija kumchukua, atapakata kibuyu cha maziwa mapajani na kukifungua njiani. Akiona siagi, atashuka hapo hapo, hata kama ni porini.

Kakenya hasemi mambo mara mbili.

*

Duka la vipuri ni la Hibaq, mwanamke mwenye sauti ndogo na macho yanayopima. Elphas aliingia akiwa tayari ameamua. Alitaka gari liinuliwe. Kila mwanamume wa njia ile ameinua gari lake kwa kuweka vipande vya mpira au vya chuma juu ya springi, likasimama juu ya mawe kama ngamia. Alisema anataka vipande hivyo, vile virefu.

Hibaq alimuuliza atabeba nini.

"Mama mkwe," Elphas alisema.

"Basi hiyo unataka ni ya kupita kwa mawe. Haipunguzi kurushwa hata kidogo. Utamrusha mama yako kutoka juu zaidi."

Kisha akamfundisha, bila haraka. Alileta kwanza shoki zilizotumika, zilizotoka nje ya nchi. Bei yake ilikuwa ya chini, lakini moja ilikuwa na unyevu wa oili shingoni, na Hibaq mwenyewe aliirudisha rafuni akisema hiyo ni ya mtu asiyeuliza maswali. Akaleta za gesi, mpya, zinazong'aa. Akasema hizo ni nzuri kwa anayekimbia kwenye lami, ila ni ngumu, na mgonjwa atahisi kila kokoto. Mwisho akaleta za oili, mpya, za kawaida, rangi nyeusi tu, zisizovutia jicho.

"Hii ndiyo laini," alisema. "Lakini unanunua jozi. Usibadilishe ya kushoto ukaacha ya kulia, gari itavuta upande mmoja."

Pesa ya Elphas ilitosha jozi moja, pamoja na bushi za mpira na springi za nyuma. Jozi ya pili haikuwezekana. Aliwaza kwa muda mrefu mpaka Hibaq akahudumia wateja wawili wengine.

Mbele au nyuma?

Daktari alikuwa amesema mgonjwa akae mbele, kiti kisukumwe nyuma, mguu unyooke. Elphas alikumbuka maneno hayo neno kwa neno, na akayasema vile vile. Muema, aliyekuwa amemfuata dukani, alitikisa kichwa kukubali. Shoki mpya zingeenda mbele. Za nyuma zilikuwa hazivuji, zingengoja mwezi mwingine.

Likabaki jambo la springi. Zile laini za gari lile zilikuwa zimekwisha, nyingine zingefika Ijumaa. Rafuni zilibaki springi za mzigo tu, nene, zile zinazonunuliwa na watu wanaobeba saruji.

"Nyuma itakuwa ngumu ukiwa huna mzigo," Muema alisema. "Lakini mgonjwa yuko mbele, si ndio?"

"Yuko mbele," Elphas alijibu.

Msomaji, yashike maneno hayo mawili.

*

Jumatano gari lilibaki kwa Muema, na Elphas akaenda kazini kwa basi. Alikuwa amelala kwa saa nne tu. Saa saba mchana alitoka nje ya ofisi kutafuta chai, akakuta gari kubwa la kijivu limeegeshwa langoni, na ndani yake Oscar.

Oscar ni mtu wa kucheka. Alishuka, akamsalimia Elphas kwa mikono miwili, akauliza watoto, akauliza kazi. Halafu akasema amesikia gari limelala kwa fundi. Akasikitika. Mambo ya ardhi ni mambo ya kikao, alisema, lakini Kakenya ni mke wa ndugu yake, na yeye hawezi kumwona akiteseka barabarani. Kesho atamleta mwenyewe. Gari lake ni kama kitanda.

Nitakwambia ukweli kuhusu Elphas, kwa sababu nisipokwambia utadhani alikuwa jasiri. Alitamani kukubali. Mgongo ulimuuma, macho yalimuuma, na sauti ya Oscar ilikuwa laini kuliko kitu chochote alichokisikia wiki ile. Alifungua kinywa kushukuru.

Kabla hajashukuru, akauliza, "Utamfikisha saa tatu?"

Oscar akacheka. "Saa tatu, saa nne. Mgonjwa haharakishwi, Elphas."

Elphas akafunga kinywa. Akasema asante, gari litakuwa tayari. Oscar aliacha kucheka kwa muda mfupi sana, kisha akacheka tena, akaondoka.

Saa kumi na moja jioni Elphas alishuka Kitengela, akalichukua gari. Muema alikuwa na sufuria. Aliijaza maji mpaka ukingoni, akaiweka kwenye kiti cha mbele, akaifunga mkanda kama abiria. Wakaenda pamoja kwenye ile njia ya nyuma ya machinjio, ambayo mashimo yake yanajulikana. Walikwenda na kurudi.

Hakuna tone lililomwagika.

Muema, ambaye hasifu kazi yake, alisema, "Hapo sawa."

Elphas aliendesha kwenda nyumbani akisikiliza. Kwa miaka alikuwa amezoea mlio wa chini kushoto, mlio wa chini kulia, na ule wa tatu usiojulikana unatoka wapi. Sasa kulikuwa na kimya. Alikuwa karibu kulia kwa kuchoka na kwa raha.

Naipanoi alikuwa akimenya viazi. Alimsikiliza mpaka mwisho: shoki za oili, jozi, bushi, sufuria, maji. Kisu kilisimama.

"Hiyo sufuria," aliuliza, "uliiweka kiti gani?"

"Cha mbele. Daktari alisema mbele."

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Si nitakuwa naendesha?"

Naipanoi aliweka kisu chini. "Baba Sein. Tangu lini mama yangu akaketi bega kwa bega na mwanamume aliyemuoa binti yake?"

Elphas aliweka funguo za gari mezani.

Alikuwa na miaka kumi na miwili ndani ya ukoo ule. Alimsalimia Kakenya kwa mbali, akitazama chini. Hawakuwahi kula meza moja. Neno likitoka kwa Kakenya kwenda kwake lilipitia kwa Naipanoi, na jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo. Na hii si desturi ya Wamaasai pekee; kwao Elphas, kule ziwani, mama mkwe anaheshimiwa vivyo hivyo. Alilijua jambo hili kama anavyolijua jina lake. Lakini kwa siku mbili alikuwa amefikiri kama fundi, akasahau kuwa ni mkwe. Kila safari ambayo Kakenya amewahi kusafiri katika gari lile, ameketi nyuma.

Nyuma, juu ya springi za saruji.

Elphas alisema labda safari hii, kwa ajili ya ugonjwa, mama angekubali. Naipanoi alitikisa kichwa kukataa. Akauliza kama shoki za mbele zinaweza kuhamishwa nyuma. Elphas akasema haziingiani. Kisha Elphas akauliza kama Naipanoi mwenyewe angeweza kuendesha. Hilo walilicheka wote wawili kidogo, kicheko cha watu waliochoka, kwa sababu Naipanoi hajawahi kushika usukani.

Elphas alichukua sufuria, akaijaza maji, akaifunga kwenye kiti cha nyuma, akatoka. Alirudi baada ya dakika kumi. Kiti kilikuwa kimelowa na sufuria ilikuwa nusu.

*

Alimpigia Muema. Muema alikuwa akila, na alisikiliza huku akitafuna. Alipoelewa, aliacha kutafuna.

"Elphas, mimi ni Mkamba," alisema. "Hata kwetu mama mkwe haketi mbele. Nilipaswa kukuuliza."

Kisha akasema jambo lililomsimamisha Elphas kutoka kwenye kiti. Springi ya mzigo si mbaya. Ni ngumu kwa sababu haina kazi. Ipe uzito ilioundiwa, itabonyea na kulainika, na gari litatulia. Weka kilo mia mbili nyuma.

Kilo mia mbili za nini?

Naipanoi ndiye aliyejibu, akiwa bado na kiazi mkononi. "Maji. Visima vya kule vimekauka."

Alfajiri, saa kumi na moja, buti lilikuwa na mitungi kumi ya maji ya lita ishirini ishirini. Gari liliketi chini kidogo kwa nyuma, kama mzee aliyepata kiti. Waliweka sufuria kiti cha nyuma. Walipofika Isinya wakatazama: imejaa. Walipoacha lami na kuingia ile njia ya mikunjo, Naipanoi aligeuka kila dakika kuitazama. Kilomita kumi na nane. Yalimwagika maji ya kujaza kikombe.

Elphas alishusha pumzi iliyokuwa imekaa kifuani tangu Jumanne.

Ilikuwa saa moja kamili walipoingia bomani. Kakenya alikuwa tayari, ameketi kwenye kigoda na gongo lake, shuka nyekundu, shanga zote shingoni, kibuyu mapajani. Elphas alisimama mbali, akasalimia akitazama chini.

"Takwenya."

"Iko," Kakenya aliitikia.

Naipanoi aliingia nyumbani kuchukua karatasi za hospitali. Elphas alikwenda kando kujinyoosha mgongo. Alikaa huko dakika tano, si zaidi. Aliporudi, alikuta wanawake wanne wa boma lile wamefungua buti. Mtungi wa kumi ulikuwa unashuka.

"Ashe oleng," walimwambia mmoja baada ya mwingine. Asante sana, mkwe wetu.

Alitaka kusema. Akaona haiwezekani. Mkwe haji bomani mikono mitupu, na alicholeta kikishaingia hakirudi naye. Ni nani angesimama mbele ya wanawake waliotembea kilomita sita kutafuta maji, awaambie warudishe mitungi garini kwa sababu ya springi? Tayari mmoja alikuwa anawanywesha wana-mbuzi.

Gari lilikuwa limeinuka nyuma, tupu.

Naipanoi alitoka, akaona mitungi chini, akaona uso wa mumewe. Aliketi kwenye jiwe, akaweka karatasi za hospitali magotini, na kwa mara ya kwanza wiki ile alionekana mtu asiyeweza kuendelea. Saa moja na robo. Kakenya alikuwa akiwatazama wote wawili.

Aliuliza kwa Kimaa kuna nini. Naipanoi akamwambia yote, kwa sababu hakubaki na nguvu ya kuficha: springi, mzigo, maji.

Kakenya alifikiri. Kisha akawageukia wale wanawake wanne, ambao umri wao ni wake, ambao waliolewa katika boma lile miaka ileile, na ambao wanajua kila mti wa mpaka wa ardhi ile.

Akawauliza kama wana kazi asubuhi hiyo.

Hawakuwa na kazi iliyozidi hiyo. Mmoja, mnene kuliko wenzake, alipanga shuka yake vizuri, akasema, "Basi leo mimi ni gunia la saruji," na wenzake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Wawili waliingia kiti cha nyuma pamoja na Kakenya, wawili wakaketi kwenye godoro lililotolewa nyumbani na kutandikwa ndani ya buti. Hakuna hata mmoja aliyeweza kuketi mbele, maana wote walikuwa mama mkwe wa Elphas kwa heshima. Naipanoi aliketi mbele, kiti chake kimesukumwa mbele mpaka magoti yamegusa dashibodi, ili mguu wa mama unyooke.

Gari likaketi chini. Elphas akaliondoa polepole.

Ile mikunjo ilikuja, ikapita chini yao kama inapita chini ya nyumba. Nyuma wanawake waliimba kwa sauti ya chini. Kakenya hakuimba. Alikuwa amefunga macho, mikono miwili juu ya kibuyu, akisikiliza kilicho ndani.

Walifika lami saa mbili na nusu kasoro kidogo. Kwenye lami Elphas aliendesha kama anavyoendesha kila siku, njia ambayo angeweza kuiendesha akiwa amelala, na mara mbili alikaribia kulala kweli. Naipanoi alimbana mkono. Saa tatu kasoro dakika kumi aliegesha nje ya ukumbi wa kikao, Kajiado.

Alizima injini. Hakuna aliyeshuka. Walikuwa wakimngoja Kakenya.

Kakenya alifungua kibuyu. Alichungulia. Alitia kidole, akakitoa, akakitazama kwenye mwanga. Kisha akamwambia binti yake, kwa sauti iliyomfikia kila mtu garini, "Mwambie baba Sein kwamba ni maziwa."

Naipanoi akageuka kwa mumewe, aliyeketi kando yake na aliyesikia kila neno. "Mama anasema ni maziwa."

"Mwambie nimeshukuru," Elphas alisema, na akaegemeza paji la uso kwenye usukani.

Wakamshusha. Alikataa kubebwa. Alikwenda kwa gongo lake, hatua kwa hatua, Naipanoi upande mmoja, yule gunia la saruji upande wa pili. Gari la kijivu la Oscar lilikuwa limeegeshwa kivulini. Halikuwa na mtu. Vumbi lililolifunika lilikuwa jekundu, la njia ya bomani, na bado bichi.

Kutoka gari lile mpaka mlango wa ukumbi ni hatua ishirini. Mlango ulikuwa umeegeshwa tu. Elphas aliwatangulia ili aufungue, kisha akae kando mama apite. Alishika kitasa.

Saa tatu ilikuwa imefika, na ndani karani alikuwa anasoma majina. Alisoma namba ya shamba. Akasoma jina la marehemu. Akasoma jina la mjane, Kakenya, na akauliza kama yupo.

Kakenya alikuwa nyuma ya Elphas, hatua tatu, mguu mmoja hewani, akivuta pumzi ya kuitikia.

Na mle ndani ya ukumbi, karibu kabisa na sauti ya Oscar iliyokuwa inacheka, mwanamke mzee akajibu kwa utulivu:

"Ni mimi. Nimekuja kusema nakubali."